Ukuta wa Zelman

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, Myahudi aliyerudi kwenye mji mdogo wa Olszana alikuwa mmoja tu, Zelman mwashi. Wengine, mwajua yaliyowapata. Akajipa kazi ya kutunza makaburi ya watu wake.

Ila Zelman alikuwa wa ukoo wa makuhani, na kuhani wa Kiyahudi hakanyagi makaburini. Humzika mzazi wake, akatoka, asirudi kumzuru. Basi akayatunza akiwa nje: akaziba nyufa za ukuta, akapaka chokaa, akaweka kiti langoni, akikaa ameyapa makaburi mgongo. Pande tatu alizifikia. Upande wa nne, wa mtoni, hauendeki kwa miguu ila kwa kukatiza makaburini, akamwachia Mungu.

Roho yake ilikuwa kwenye jiwe la babake, lililochongwa mikono miwili, vidole vimeachana viwili viwili, alama ya makuhani. Zamani alikuwa akimtuma mjomba wake, asiye wa ukoo ule, amwekee kijiwe juu yake kama ilivyo desturi. Sasa hakuna wa kutumwa. Akajifariji: ukuta upo, na baba yupo.

Asubuhi moja, theluji ikiyeyuka, alikoroga ndoo ya chokaa langoni, kisha akaenda kwanza kuchukua maziwa kwa jirani yake Walenty. Kufika mlango wa zizi, akabaki mguu juu. Mikono ya babake ilikuwa kizingitini, samadi kati ya vidole.

"Pita, mzee, jiwe haliumi," alisema Walenty. "Nimeligeuza jana. Upande ule mwingine umelika, ng'ombe wanateleza."

"Hili jiwe la babangu umelitoa wapi?"

"Wapi tena? Kule kwenu."

"Mimi nashinda langoni, Walenty! Ulipita wapi?"

Walenty akacheka, wala si kwa ubaya. "Ee, Zelman na lango lako! Ukuta wa mtoni ulianguka zamani, vita havijaisha. Mji mzima tunapita huko kwa mashua. Mawe yamekwisha, jirani. Unalinda nyasi."

"Na mlikuwa mnaniona nikipaka chokaa?"

"Tulisema, mwacheni, hamdhuru mtu."

Zelman akageuka, akarudi langoni. Maziwa hakuyachukua. Jambo hilo lilimchoma Walenty kuliko matusi. Akaling'oa jiwe, akalisukuma kwa toroli hadi langoni.

"Haya, nionyeshe alipolala mzee wako, nikusimikie."

Zelman akachungulia ndani ya lango. Nyasi, nyasi, hadi mtoni. Alipomzika babake alikuwa kijana, macho yamejaa machozi.

"Sipajui."

"Si uingie utafute!"

"Nitajuaje namkanyaga nani, Walenty? Liegemeze hapa nje, uende zako."

Alipobaki peke yake akavisugua vidole vile kwa mkono wa koti, kimoja kimoja. Sheria haikumkataza: chini ya jiwe lile hapakuwa na mtu. Akaokota kijiwe njiani, akamwekea babake kwa mkono wake mwenyewe, mara ya kwanza maishani.

Kisha akajitwika kiti chake, akaenda nyumbani. Ndoo ya chokaa ikabaki pale pale, chokaa ikagandia ndani.