Mguu wa Mdogo Wangu Bungeni

Habari za mguu wa mdogo wangu nilizisikia redioni, nikiwa nimekaa kwenye meza yangu ya vitenge sokoni Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, mguu wangu mwenyewe nimeunyoosha juu ya kigoda.

Mbunge mmoja, wala si wa kwetu, alikuwa akimbana waziri wa afya. Alitaka kujua ni nani anayekagua vyuma vinavyotiwa ndani ya miili ya wagonjwa katika hospitali za serikali. Alisema kuna mwalimu wa kike, kijana, kule Kasese aliyefungwa chuma kwenye mfupa wa mguu, na chuma kikakatika kikiwa ndani. "Nani atamjibu mwalimu huyu?" aliuliza, na wabunge wenzake wakagonga meza.

Jirani yangu wa sokoni, mama wa Butembo, upande wa Kongo, anayeuza sabuni, alinigeukia macho yamemtoka. "Si ule ni mudogo yako? Beko banasema juu yake mu bunge!"

"Ni yeye," nikasema. Kisha nikazima redio, nikasingizia betri.

Sikukasirika kwa sababu mbunge alisema uongo. Alisema kweli. Nilikasirika kwa sababu kweli hiyo ilikuwa yangu pia. Mimi na mdogo wangu tulivunjika siku moja, ndani ya pikapu moja, tukitoka Kyarumba kwenye harusi ya binamu yetu. Breki zilikataa kwenye mteremko, gari likalala ubavu, magunia ya kahawa yakatuangukia. Yeye alivunjika mguu wa kulia, mimi wa kushoto. Tulipelekwa hospitali moja, tukalazwa vitanda vinavyotazamana, tukafungwa vyuma na daktari yule yule. Na chuma changu ndicho kilichokatika kwanza. Changu kilitolewa, nikafungwa plasta, mfupa ukaunga vibaya, nikabaki na mguu unaochungulia nje kama mtu anayetaka kuondoka. Chake kilikatika baadaye, kikaachwa humo humo wakimwambia asubiri.

Lakini yeye ni mwalimu. Anasema Kiingereza kizuri, ana sauti ya upole, na hata akishika fimbo ya kutembelea anapendeza. Mbunge alikutana naye kanisani Kasese alipokuja kwenye sherehe ya rafiki yake, akamwona anachechemea, akamuuliza. Mimi siku hiyo nilikuwa sokoni. Nani angeniuliza mimi?

Tangu siku ya redio, mji wetu wote wa Bwera ulinipa pole kwa mguu wa mdogo wangu. Nasimama mbele yao nimeegemea meza, wananiambia, "Pole mama, tumesikia mudogo yako anaumia." Hata padri, baada ya misa, alimwombea yeye. Nilisema amina na meno nimeyauma.

Ndipo akaja nyumbani kwangu. Alikuwa ameitwa Kampala, mbele ya kamati ya bunge inayoshughulikia afya. Alikaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu, akazungukazunguka na maneno mpaka akafika.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "wale wa wizara wanasema picha ya eksirei haitoshi. Wanasema sisi wagonjwa tulikanyaga mguu mapema, ndiyo maana vyuma vimekatika. Mbunge anataka wakione chuma chenyewe." Akaweka kikombe chini. "Changu bado kiko ndani. Wewe chako unacho."

Nilikuwa nacho. Niliking'ang'ania siku walipokitoa, nikakiweka katika kopo la maziwa ya unga, vipande viwili na skurubu zake.

"Unataka kuazima chuma changu," nikasema.

"Kwa siku mbili tatu tu."

Sijui kama nitaweza kueleza nilivyojisikia. Pole zangu alikuwa amezichukua, na sala ya padri, na makofi ya wabunge. Sasa alitaka na kile kidogo kilichokuwa changu peke yangu, kitu kilichokaa ndani ya mwili wangu.

"Hakiendi Kampala bila mwenyewe," nikamwambia.

Nilidhani atakataa. Akaanza kulia. "Mimi nilikuwa naogopa kukuomba uje. Tangu redio hunipigii simu."

Tukaenda pamoja. Chumba cha kamati kilikuwa na baridi ya mashine na viti vinavyozunguka. Mdogo wangu aliketishwa mbele, kwenye kipaza sauti, mimi nikaketishwa ukutani nyuma ya watu wa magazeti. Alieleza vizuri, lazima niseme. Alieleza vizuri mno. Alipofika kwenye ajali, aliitaja harusi, kahawa na mteremko, na kila kitu kilikuwa chetu wawili, lakini mdomoni mwake kilikuwa cha mmoja.

Kisha akainua chuma changu. Kikapita mkono kwa mkono. Mbunge mmoja aliyekuwa daktari kabla ya siasa alikigeuza, akavaa miwani, akakigeuza tena.

"Chapa ya kiwanda iko wapi?" akauliza. "Namba iko wapi? Hiki kimetengenezwa na nani?"

Ofisa wa wizara alikohoa. Akasema watafuatilia. Akarudia kwamba, kwa heshima zote, wagonjwa wengi huinuka kitandani kabla ya wakati.

Nilikuwa nimesimama kabla sijajua. "Hicho ni changu," nikasema kwa Kiswahili, na vichwa vyote vikageuka. "Hakikutoka kwake. Kimetoka kwangu mimi."

Mwenyekiti wa kamati akaniruhusu nisogee. Mdogo wangu akainuka, akanipa kiti chake.

"Afande," nikaanza, maana niliingiwa na hofu na hilo ndilo jina la heshima lililonijia, watu wakacheka, nami nikapata nguvu. "Mheshimiwa, mimi sikukanyaga. Nilikuwa kitandani, hospitalini, mguu umefungwa. Niligeuka nipokee kikombe cha uji. Nikasikia kitu kinalia ndani yangu, *ka*, kama ufito mkavu. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikisikia pia. Alikuwa huyu hapa." Nikamwonyesha mdogo wangu.

"Ni kweli," akasema. "Nilikisikia."

Mwenyekiti aliagiza vyuma vya aina ile visitumike tena mpaka vipimwe, na wote tuliofungwa tuitwe tukaguliwe upya. Kama kuna aliyeadhibiwa, sijasikia. Lakini tuliitwa kweli.

Kesho yake gazeti lilitoka. Picha kubwa, ukurasa wa mbele: mdogo wangu, uso umeinuliwa, chuma changu mkononi. Mimi nilikuwa nyuma, bega na nusu ya kilemba. Niliporudi Mpondwe mama wa sabuni alikuwa amelikata gazeti na kulibandika kwenye kibanda chake. "Mudogo yako iko muzuri sana," akaniambia. Nikamuuliza bei ya sabuni.

Yeye alipasuliwa kwanza, katika hospitali kubwa ya Kampala, kwa kuwa kila mtu alikuwa amemsikia. Mimi nilingoja mvua ziishe, ndipo nikaitwa kunyooshwa mfupa ulioungana vibaya. Nilipozinduka baada ya upasuaji wangu, yeye alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kichwa amekiegemeza kwenye godoro langu, viatu vyake vya kufundishia bado miguuni.

"Yaya, unataka nini? Maji?"

"Nionyeshe mguu wako," nikasema.

Hakuuliza kwa nini. Alipandisha sketi mpaka gotini. Kovu lake lilikuwa limepinda katikati, limevimba kama kamba iliyoshonwa na fundi mwenye haraka. Nilimwomba anifunulie langu. Bendeji ilizuia, lakini musawo, daktari aliyekuwa akipita, alisema langu limenyooka vizuri, karibu halitaonekana.

"Umesikia?" nikamwambia mdogo wangu.

"Nimesikia," akasema, akaishusha sketi yake. "Sasa kunywa maji."

Nikanywa, nimefurahi kuliko inavyostahili.