Kapu la Taka la Bi Saleha

Makorora ya Tanga inamjua Bi Saleha kwa mambo mawili. La kwanza ni pilau. Ukisikia shughuli imepikiwa na Bi Saleha, unakwenda hata kama hukualikwa, unasimama karibu karibu mpaka mtu akuone. La pili ni ua wake. Unafagiwa alfajiri kabla kunguru hawajashuka, unanyunyizwa maji, na alasiri unafagiwa tena. Jani likianguka pale saa nne, saa nne na dakika tano halipo. Wako watu wamekaa naye mtaa mmoja miaka ishirini na hawajapata kuliona kapu lake la taka.

Wanadhani ni usafi tu. Usafi upo, lakini kuna na jingine.

Alipokuwa na miaka kumi na saba aliolewa Nguvumali, kwa mwanamume mpole mwenye mama mkali. Siku moja walikuja mawifi pamoja na wageni wa Pangani. Mama mkwe akaenda jikoni, akalichukua kapu la taka, akalimwaga katikati ya ukumbi juu ya mkeka. Ukawa hadharani ukoko wa wali, maganda ya viazi yaliyomenywa kwa unene, na nusu chungwa. "Tazameni," akasema. "Tazameni mke wa mwanangu anavyonimaliza." Mawifi walicheka mpaka wakashikana mabega. Haukupita mwezi, talaka ikaja. Sababu iliyosemwa ilikuwa nyingine, ila Saleha aliijua yenyewe. Akarudi kwao na sanduku lake. Baadaye aliolewa tena, akazaa, akafiwa na mume, akazeeka vizuri. Lakini tangu siku ile taka zake zilikuwa zikitoka nyumbani kabla jua halijatoka, na jicho la mtu halikuwahi kuliangukia kapu.

Sasa mwezi wa saba akapita Bi Benedikta, Msambaa wa Lushoto anayefundisha chuo, akitafuta nyumba za kuweka wanafunzi. Walikuwa kumi na wawili, nusu wanatoka Uholanzi na nusu ni wa vyuo vya hapa hapa. Wangekaa wiki tatu tu, wakisoma jinsi watu wanavyoweza kuishi leo bila kula fungu la wajukuu zao.

"Chumba cha mwanangu Sele ki kitupu tangu ahamie Usagara," Bi Saleha akamwambia. "Niletee mmoja. Awe wa kike, na awe anakula."

Akaletewa Noa, Mholanzi. Alikuwa msichana mrefu hata akawa anainama mlangoni. Alisema "Shikamoo, Bibi" kwa utaratibu, kila herufi mahali pake, Bi Saleha akafurahi mpaka akachelewa kuitikia marahaba. Jirani yake Bi Samiha, aliyekuwa amekuja kuchungulia mgeni, akauliza, "Noa? Hilo si jina la kiume?"

"Kwao la kike."

"Haya. Ndiyo kwao."

Usiku ule Noa alikula wali wa nazi sahani mbili na nanasi juu yake. Asubuhi, kwenye chai, akatoa kwenye begi mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki, na daftari.

"Bibi, kila siku nitapima taka za nyumba. Za kuoza mbali, za plastiki mbali, na nyingine mbali."

"Taka za nani?"

"Zetu. Za hapa."

Bi Saleha akaweka kikombe chini. "Mwanangu, mgeni hapewi taka. Mgeni anapewa wali."

"Asante, Bibi. Lakini ndiyo masomo yangu."

Akampigia simu Bi Benedikta. "Mwalimu, hukunambia."

"Nilisema watasoma mazingira, Mama."

"Mazingira si kapu langu!"

"Nyumba zote kumi na mbili wanapima, Mama. Siku ya mwisho tutasoma hesabu mbele ya mtaa, ili serikali ya mtaa ijue mkokoteni wa taka upite mara ngapi kwa wiki."

Mbele ya mtaa. Bi Saleha akakata simu bila kuaga. Angesema hapana, lakini mgeni alikuwa ameshalala kwake na ameshakula kwake, na mtu aliyekula kwako humwambii hapana kesho yake.

Akatafuta njia nyingine, maana safari yake ya jalalani ya kila alfajiri ilipita mbele ya dirisha la mgeni. Nyuma ya ua wake kuna uzio wa mabati anaochangia na Bi Samiha, na bati moja lilikuwa limelegea misumari. Nyuma ya bati hilo lipo pipa la taka la kina Samiha. Nyumba ile ina watu tisa. Kapu moja ni nini ndani ya pipa la watu tisa? Alfajiri ya pili, Noa akiwa bado amelala, Bi Saleha akalisogeza bati, akamwaga. Ndani ya kapu akaacha ganda la kitunguu na njiti mbili za kiberiti, kwa ajili ya mgeni.

Noa akapima. Gramu thelathini. Akadhani mizani imeharibika, akavua kiatu akakitundika. Mizani ilikuwa nzima. Kesho yake gramu arobaini. Siku ya tatu thelathini na tano.

"Bibi," akasema, macho yanang'aa, "kwetu watu wawili wanaweza kutupa kilo mbili kwa siku. Wewe unafanyaje?"

"Ni kuzoea tu, mwanangu."

Neno hilo lingeishia pale lisingekuwa na madhara. Lakini Noa alimwambia mwalimu wake, na wiki ya pili wanafunzi wote kumi na wawili wakaingia uani na madaftari, waje wajifunze. Bi Saleha akawatilia chai, akawawekea mandazi. Akakaa kwenye kiti akaulizwa kama shahidi.

"Mama, machicha ya nazi unayapeleka wapi?" akauliza Bryson, kijana wa Moshi aliyepangiwa nyumba ya Bi Samiha.

"Nawapa kuku."

"Kuku wako wapi?"

Bi Saleha akautazama ua wake. Ulikuwa umefagiwa mpaka michirizi ya ufagio ilionekana. "Wametoka," akasema.

"Wote?"

"Kuku wa Makorora wana shughuli zao."

Wakaandika. Noa aliandika haraka kuliko wenzake. Bi Benedikta peke yake hakuandika. Alitazama ua usio na hata unyoya, akamtazama mwenye ua, kisha akaomba aongezewe chai.

Bryson akasema pale kwao pipa linafika kilo tisa, siku nyingine kumi. Bi Samiha, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka. "Sisi wengi, baba. Usitulinganishe na mtu anayekula kama ndege." Lakini alicheka kidogo.

Ikafika Jumatano ya wiki ya mwisho. Bi Saleha alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, akasikia sauti ya Samiha upande wa pili wa mabati.

"Khadija! Njoo hapa. Hii nini?"

Khadija ni mkwe wake Samiha, ameolewa na mwanawe miezi minne. "Machicha, mama."

"Leo tumepika nazi?"

"Hapana, mama."

"Na hili?"

"Ganda la nanasi."

"Nani kala nanasi humu ndani?"

"Sijui, mama. Wallahi sijui."

"Hujui! Unakula peke yako kichochoroni halafu hujui! Pipa hili kabla hujaja lilikuwa halijai. Sasa naandikwa kilo kumi kama nafuga tembo, na Jumamosi nasomwa mbele za watu. Nikiaibika, Khadija, mwambie mama yako akutandikie kitanda chako cha zamani. Usije ukasema hukuambiwa."

Mkono wa Bi Saleha ulisimama, nazi imo kiganjani. Nanasi lilikuwa la Noa. Siku zote zile alikuwa amefikiria pipa, hakufikiria kuna mtu atakayeulizwa juu ya pipa. Na Samiha si mtu mbaya. Wamezikiana, wamepikiana, wamelea pamoja. Ila hata mama mkwe wa Nguvumali, kwa majirani zake, pengine hakuwa mtu mbaya.

Alasiri akajifunga kanga akaenda kwa Samiha aseme. Akakuta wanawake wengine watatu wamekaa barazani. Akaomba chumvi. Akapewa, akarudi nayo, na chumvi kwake ilikuwa imejaa kopo. Alhamisi hakwenda. Ijumaa alisema atakwenda baada ya swala, hakwenda. Alfajiri za siku hizo mbili akamwaga kulekule, maana hakujua pengine pa kumwagia bila mgeni kumwona.

Jumamosi alfajiri alilibeba kapu mpaka kwenye bati. Akasimama. Akarudi nalo limejaa, akalifunika kwa kanga na kulisukuma chini ya meza ya jikoni.

Saa kumi jioni watu wakakaa kwenye viti vya plastiki mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Hesabu zikasomwa. Noa akasimama akasema nyumba yenye taka chache kuliko zote ni ya Bi Saleha, gramu thelathini na tano kwa siku. Vigelegele vikapigwa. Kisha Bryson akasoma yenye taka nyingi: nyumba ya Bi Samiha, kilo tisa na nusu.

"Ndo maana nzi wetu wanene!" akasema mtu kule nyuma.

Watu wakaangua kicheko. Samiha hakucheka. Aligeuka polepole, akamtazama Khadija, aliyekuwa amesimama nyuma ya viti, kichwa chini, pindo la kanga mdomoni. Bi Saleha alikijua kile kichwa. Alikuwa amewahi kukiinamisha yeye.

Akanyanyuka. Watu wakadhani anataka kushukuru. Akatoka, akaenda zake nyumbani, wakabaki wanaulizana. Aliporudi alikuwa na kapu kichwani, mchana kweupe, kwenye njia kuu ya mtaa.

"Noa, mwanangu, lete mizani."

Noa akalitundika kapu. Kilo tatu na robo.

"Hizo za leo," Bi Saleha akasema. "Za siku nyingine zote nimezimwaga kwenye pipa la Samiha, pale kwenye bati lililolegea. Khadija hajatupa kitu. Nanasi tumekula mimi na mgeni wangu." Akalipokea kapu, akalimwaga chini mbele ya viti. Machicha, maganda, ukoko wa wali, mfuko wa maziwa. Akasubiri wacheke.

Hawakucheka. Mwenyekiti akakohoa. "Sasa, Bi Saleha, kwa sababu gani?"

"Sababu ni yangu."

"Siku kumi na nane, Saleha!" Samiha alikuwa amesimama. "Siku kumi na nane nanuka machicha yako!"

"Nimekosa, shoga yangu. Nisamehe. Na huyo mtoto muombe radhi."

"Na kuku?" akauliza Bi Benedikta kwa sauti ya chini.

"Hakuna kuku, Mwalimu."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka, na Bi Saleha naye akajikuta anacheka, amesimama juu ya taka zake. Noa hakucheka. Alikuwa mwekundu, anazikata namba kwenye daftari ukurasa baada ya ukurasa.

"Bibi, kwa nini hukuniambia tu kwamba hutaki?"

"Ulikuwa umeshakula kwangu."

Noa alifikiri, kisha akaliandika na hilo. Yeye na Bryson wakakaa mpaka magharibi wakitoa huku na kuongeza huku kwa kukisia. Mwenyekiti akaamua mkokoteni upite mara tatu kwa wiki. Jumatatu wanafunzi wakaondoka. Mizani Noa aliiacha kwenye msumari wa jikoni.

Samiha alinuna siku nne. Ya tano zikasikika nyundo: anagongelea bati, na Khadija anamshikia misumari. Ya sita Khadija akabisha hodi kwa Bi Saleha.

"Shikamoo, Bibi. Mama kasema machicha usimwage. Kanunua kuku wawili."

"Marahaba. Kuku wa kweli?"

"Wa kweli, Bibi. Wanataga."

Kapu lilikuwa mlangoni, halikufunikwa. Khadija akainama akalichukua lilivyo, na Bi Saleha akamwacha alichukue.