Ukoo wa Marehemu

Jirani alikuja kutupa pole saa nne asubuhi. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua kunde.

"Pole sana, mama," alisema jirani, mikono kifuani. "Nani ametuacha?"

Mama akamtazama yeye, kisha akanigeukia mimi. Baya lolote likitokea nyumbani, huwa ananigeukia mimi kwanza, kwa sababu mimi huwa nipo. Nina miaka hamsini na miwili. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani nipumzike kidogo, na mpaka leo napumzika. Natengeneza redio na pasi za watu pale sebuleni. Safari yangu ndefu ni ya kwenda Muthurwa kununua vitunguu, na hata hiyo mama huniaga kama mtu anayepanda ndege.

"Hakuna aliyekufa hapa," mama akajibu. "Labda huyu, lakini yeye alianza zamani."

Jirani hakucheka. Alituambia twende ukumbi wa mtaa tujionee.

Orodha ya wapangaji ilikuwa imebandikwa ukutani, kurasa kama ishirini hivi. Mtaa wetu, huu wa nyumba za mawe karibu na Ziwani, utabomolewa yajengwe maghorofa. Mpangaji ambaye ukoo wake umo kwenye daftari atapewa nyumba huko juu. Asiyekuwemo atapewa notisi. Nikateremka na kidole mpaka kwenye namba yetu. Mbele yake palikuwa na maneno matatu: Marehemu. Nyumba wazi.

Mama alizaliwa ndani ya hiyo nyumba wazi. Aliolewa akitokea humo, akaachika akarudi humo, akanilea humo. Ana miaka sabini na kitu, na hajawahi kuwa na anwani nyingine ya maana.

Sikushtuka sana, nikiri. Babu, baba yake mama, ndiye aliyepewa nyumba hiyo, na kweli babu alishafariki. Nilijua cheti chake cha kifo kilipo. Nikavaa shati la Jumapili, nikamwambia mama tutamaliza shughuli hiyo kabla ya chai ya saa sita. Ndivyo wanavyosema watu wasiotoka nyumbani.

Kwenye ofisi ya nyumba tulimkuta karani, dada mmoja wa rasta ndefu na kucha za kijani, aliyetuhudumia kwa upole ambao baadaye ulianza kunitisha. Alikipokea cheti, akakisoma, akakirudisha.

"Mzae, hii haisaidii. Huyu wenu alikufa juzijuzi. Kwa daftari anaonekana ni marehemu tangu siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza gani?"

"Siku alipewa nyumba." Akaligeuza daftari la zamani tulione. Karatasi zilikuwa na rangi ya chai. Pale kwenye jina la mpangaji palikuwa na jina la kwanza la babu, lile la ubatizo, na jina la pili: Marehemu. Mwandiko mzuri kabisa, wa wino. "Aliyeingiza majina kwa kompyuta ameona hivyo, akajua mwenye nyumba amekufa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Lakini alikuwa hai! Alikuja kuchukua funguo!"

"Mimi naandika tu, mzae. Pengine alikuja hivyohivyo."

Nilimgeukia mama anisaidie kukasirika. Mama alikuwa ameweka kiganja mdomoni, mabega yanatikisika. Nilifikiri analia.

"Walimuuliza jina la baba yake," alisema alipoweza kusema. "Wewe, walimuuliza jina la baba yake!"

Akatueleza. Babu aliingia Nairobi akitokea magharibi mwaka ule ule aliomzika baba yake. Kwao, mama anasema, jina la mtu aliyekufa majuzi halikutajwa ovyo mbele ya mgeni, na karani mwenye kalamu ni mgeni kuliko wageni wote. Kwa hiyo alipoulizwa baba yake ni nani, akajibu kwa heshima, kwa Kiswahili chake kipya alichokipata kanisani: marehemu. Karani wa wakati huo akaandika alivyosikia. Nafasi zilikuwa mbili, majina yakawa mawili, mambo yakaisha.

Tulicheka sote watatu, hata watu wa foleni. Kisha karani akaacha kucheka kabla yetu.

"Sasa shosho, kitambulisho chako kina jina la kwanza la baba yako peke yake. Hilo jina la mtakatifu nusu ya wazee wa Eastlands walikuwa nalo. Nileteeni karatasi ya zamani inayoonyesha wewe ni mtoto wa huyu Marehemu. Mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo."

"Na tukikosa?"

Alifunga daftari. "Inabaki nyumba wazi."

Karatasi ya zamani ya mama ilikuwa moja tu duniani, kitabu cha ubatizo cha parokia. Katibu wa parokia alitutolea kitabu kikubwa chenye harufu ya mishumaa na panya, tukatafuta mpaka shingo zikauma. Tulimpata mama. Tulimpata babu kwenye mstari wa baba wa mtoto. Lakini padri wa siku hizo alikuwa Mzungu, si Mwingereza, naye aliandika alivyosikia kwa masikio ya kwao: Marie Hemu.

Katibu alivua miwani. "Huyu Marie ndiye nani?"

"Ni baba yake babu," nikasema.

"Marie ni mwanamke."

"Si mwanamke. Ni marehemu."

"Pole. Alifariki lini?"

Nilianza kueleza upya, nikasikia jinsi ninavyosikika, nikanyamaza. Pembeni, kwa penseli, mtu mwingine alikuwa ameongeza maneno ya kumfafanua babu yangu: mtoto wa mama asiyeolewa, baba hajulikani. Baba wa babu alikuwa amegeuzwa mama, halafu akaaibishwa, na yote hayo akiwa kaburini hana habari.

"Hongera," mama aliniambia njiani. "Umetoka nyumbani siku mbili tu, tayari umemharibia mzee wa watu jina."

Lakini jina lenyewe hatukuwa nalo. Jioni hiyo mama alimpigia simu binamu yake huko nyumbani magharibi, mkubwa wa wote waliobaki, amuulize mzee yule aliitwaje hasa. Niliiweka simu kwenye spika.

"Dada, mimi sijui," sauti ikasema. "Sisi tulimkuta akiwa kaburi. Tuliambiwa tu, msikanyage pale kwa babu."

"Hakuna anayejua?"

"Waliojua tumewazika wote. Na hapo kwenye kaburi siku hizi pamepita barabara."

Mama alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Ndipo niliacha kuona kichekesho. Mtu mzima, aliyelima na kuoa na kuzaa, alikuwa ametoweka pande zote, ardhini na vichwani mwa watu, na kilichobaki ni neno lile moja kwenye daftari ambalo halikuwa jina lake.

Wiki ile safu iliyotukabili ilihamishwa. Asubuhi waliezua mabati, mchana wakang'oa milango. Kutoka kwenye meza yangu ya redio niliweza kuona ndani ya nyumba ya watu niliowasalimu kwa miaka thelathini, ukuta wa samawati, msumari, alama nyeupe pale ilipokuwa picha ya harusi.

Nilirudi kwa karani mikono mitupu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema kuna njia moja tu. Mama aape kwa wakili kwamba baba yake alijulikana kwa jina la Marehemu, kwamba Marie Hemu ni Marehemu huyohuyo, na kwamba yeye mwenyewe pia anajulikana hivyo. Baada ya hapo jina hilo litamfuata yeye na yeyote anayeishi naye kwenye faili, mwanzo hadi mwisho.

Mama alikataa. Alikataa akiwa ameketi, akakataa akiwa amesimama. "Mimi niape mbele ya Mungu kwamba naitwa Marehemu? Na Mungu naye akiandika?"

"Mama, ni karatasi tu."

"Ya babu yako pia ilikuwa karatasi tu."

Nilirudi kwenye pasi yangu. Siku mbili tulizungumza mambo ya chumvi na maji peke yake.

Alhamisi waliingia wanaume wawili wenye futi ya kupimia na rangi. Hawakubisha hodi. Walipita sebuleni, mmoja akaiinua sufuria ya mama kutoka jikoni na kuiweka chini ili futi ipite, wakasomeana namba, wakatoka. Hawakuwa wakorofi. Walikuwa wanazungumza habari za mpira. Walifanya kazi yao kama watu walio ndani ya chumba kitupu, na mama alikuwa amesimama katikati ya chumba hicho, kijiko mkononi.

Aliiokota sufuria, akairudisha mahali pake. Kisha akafunga kitambaa kichwani.

"Twende kwa huyo wakili," alisema.

Alitia sahihi polepole, herufi moja moja. Ijumaa tulipeleka hati, na Jumatatu tukaitwa ukumbini kuhakikiwa. Masharti yalisomwa kwa kipaza sauti: anayeitwa aitike mwenyewe, ataitwa mara tatu, asipoitika anafutwa. Karani wetu alikuwa mezani mbele. Walioitwa waliitika, wengine kwa vigelegele.

"Marehemu!"

Ukumbi ulicheka. Wa nyuma akapaza sauti, "Huyo ameshatangulia!" Wakacheka tena. Mama hakusogea. Niliona midomo yake imebana.

"Marehemu!"

Mara hii waliocheka walikuwa wachache. Karani alitutafuta kwa macho, kalamu tayari juu ya karatasi, naye hakuruhusiwa kutusaidia. Nikamshika mama kiwiko. Kilikuwa baridi.

"Mama. Nyumba."

"Marehemu!"

"Nipo," mama akasema, na akasimama.

Hakuna aliyecheka. Karani aliweka alama ya tiki, akageuza karatasi, nasi tukawa tumeipata nyumba, ghorofa ya tisa, vyumba viwili na choo ndani. Mama aliendelea kusimama kana kwamba hajui kama ameruhusiwa kuketi.

"Na anayeishi naye?" karani akauliza, bila kuinua macho. "Jina kamili, kama lilivyo kwa faili."

Nilisimama kando ya mama, nikalisema.