Tundu la Zamani

Shemeji yangu ni fundi viatu, na kazi hii nilifundishwa na yeye. Nilipomaliza darasa la saba alimwambia dada yangu, ambaye ndiye mkewe, "Huyu mdogo wako haongei. Mlete kwangu, viatu navyo haviongei." Tangu hapo tunakaa mkabala kwenye kibanda kimoja, yeye akipiga porojo na wateja, mimi nikichekea kwenye soli. Mtu akileta kiatu kilichochakaa, shemeji humuuliza, "Hiki ulikivaa, au ulikilisha mawe?"

Kisukari kilipompata alikipokea kwa mzaha huohuo. Alisema sukari imepanda kwa sababu ameoa mwanamke mtamu, na dada akajifanya hakusikia. Baadaye vidonge vilizidiwa, akaanzishiwa sindano za insulini, na mzaha ukapungua. Kibandani hugeukia ukutani, akapandisha shati, akachoma haraka, kisha hushika nyundo. Siku moja aliniambia kuwa sindano haogopi. Kinachomchosha ni kwamba kazi hii haina siku ya kukabidhi. Kiatu unakimaliza, mwenyewe anakuja kuchukua. Mwili huu kila asubuhi unarudi mezani.

Mwaka huu sukari ilikataa kushuka. Kliniki wakaongeza dozi, sukari ikabaki juu. Wakaongeza tena, wakamuuliza kama kweli anachoma. Nyumbani dada akaanza upelelezi: alificha bakuli la sukari kwenye sanduku la nguo, akawa ananusa hadi vikombe vya mumewe. Akaniuliza mimi kama shemeji anakunywa soda kibandani. Nikasema hapana. "Na wewe ungemsema lini?" akanijibu. Shemeji alikuwa palepale. Akavaa viatu akatoka nje bila mzaha wowote, na kwa mtu mwenye mdomo kama wake, hilo lilinitisha.

Siku ya kliniki aliniomba nimsindikize. Njiani akaniambia kwamba wakimwita mwongo na leo, sindano anaziacha hukohuko.

"Najitoboa kila siku, naambiwa sijitoboi. Si bora basi nisijitoboe kweli?"

Tulikuwa tumefika getini.

Daktari alikuwa kijana mpole, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Alitazama kipimo, akasema taratibu kwamba kwa dozi ile sukari isingekuwa hivi, labda mzee anasahau kuchoma. Shemeji akatoa kimfuko chake cha sindano, akakiweka mezani, akainuka.

Mimi mbele ya watu ulimi hunikauka. Lakini nilijikuta nimemshika shati.

"Anachoma, daktari," nikasema. "Tunakaa meza moja, namwona. Anachoma palepale, kila siku."

Nesi aliyekuwa anapanga dawa kwenye friji akageuka. "Palepale wapi?"

Shemeji akaonyesha kando ya kitovu, upande wa kushoto. Nesi akataka kujua kwa nini hapo tu. Shemeji akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini viatu anavaa miguuni. Akaeleza kwamba ukishona soli upya, uzi unaupitisha kwenye matundu ya zamani. Ukitoboa mengine, kiatu kinachanika. Tena pale, alisema, pameshazoea, hapaumi. Nami nikatikisa kichwa kukubali, maana ndivyo alivyonifundisha.

Nesi alimlaza kitandani, akabonyeza, kisha akauchukua mkono wa shemeji akauweka pale mwenyewe. Kulikuwa na uvimbe mgumu, kama gundi iliyoganda. Nesi akasema dawa ikiingia humo inakwama, haifiki kwenye damu inavyotakiwa. Ahame: leo hapa, kesho pembeni, na mapaja nayo yapo. Daktari akapunguza dozi, kwa kuwa mahali papya dawa itafanya kazi vizuri na sukari inaweza kuporomoka. Akitokwa jasho na kutetemeka, anywe haraka maji yenye sukari.

Halafu akasema, "Nisamehe, mzee wangu. Nilikudhania vibaya."

Shemeji akakirudisha kimfuko mfukoni. "Usijali, mwanangu. Hata mke wangu alinidhania, na yeye ananijua hadi ninavyokoroma."

Jioni nilimweleza dada yote, na sikumbuki kama nimewahi kuongea vile kwa mkupuo. Aliingia chumbani, tukasikia sanduku linafunguliwa, akarudi na bakuli la sukari. Akaliweka karibu na kiti cha mumewe, asije akatetemeka huku analitafuta.

Shemeji akafunua, akanusa. "Hii ina harufu ya gauni lako la harusi."

Dada akampiga kofi la bega, akamwamuru apandishe shati alione hilo tumbo. Akapapasa ule uvimbe, na mkono wake ukakaa pale muda. Shemeji akatoa mfukoni chaki yetu ya kibandani, akampa, amwekee alama mahali pa kuchoma kesho na siku zinazofuata.

"Acha nafasi ya kutosha," akamwambia. "Hii kazi mwenyewe haji kuichukua."