Salamu Zilizopungukiwa na Jina Moja

Binti yangu alienda ng'ambo akaniachia mtoto wake wa miaka mitatu. Tuliishi mtaa wa Makina, chumba kimoja, mimi na mjukuu wangu. Mwaka uliofuata, wakati wa mvua nyingi, nimonia ikamchukua kwa siku nne tu.

Mama yake sikumwambia. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa peke yake. Anatumiwa watu, wanaingia, wanakaa, ndipo anaambiwa. Na kule ningemtuma nani? Kuja kuzika pia hangeweza, maana karatasi zake hazikuwa sawa, akitoka, harudi. Basi kwa barua nikaandika tuko salama sote. Mungu anisamehe. Miezi mitano nikasema hivyo.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya tisini. Siku moja akaniandikia kwamba kuna ukurasa kwenye kompyuta, Wakenya wa huko wanausoma, na mtu yeyote anaweza kuacha salamu. "Mama, tafuta mtu akuandikie. Mimi huangalia kila Jumapili."

Nikaelekezwa Kawangware, kwa msichana aliyekuwa akiwachapia watu barua. Alikuwa na kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu, na kila bibi kama mimi alimwita shosho.

"Sema, shosho, naandika."

Mimi salamu nilizozijua ni za redio. Unajaza kadi, unataja watu wako, mtangazaji anasoma, imeisha. Shule niliacha darasa la pili, lakini kwa majina huniambii kitu. Nikataja shangazi za binti yangu, fundi viatu wa mtaa jirani wa Sarang'ombe, mpaka mama wa samaki na watoto wake sita, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba.

"Shosho, hii ni salamu ama ni sensa?"

Tukacheka. Majina arobaini na moja. La mjukuu wangu lilinifika mdomoni nikalimeza. Kumweka pamoja na walio hai sikuweza. Nikajiambia, kwa wingi huo nani atajua?

Baada ya wiki moja nikarudi kuuliza kama zilifika. Msichana akafungua ukurasa, akausoma hadi chini.

"Kuna watu wamekujibu."

"Wamenijibu wapi? Salamu hujibiwa?"

"Hii si redio, shosho. Ukiandika, haipotei. Kila mtu anaisoma, na anayetaka anaandika yake hapo chini."

Akanisomea. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Sarang'ombe, amefurahi kusikia fundi viatu bado yupo. Wa pili alikuwa binti yangu. "Mama, umetaja hata watoto wa mama wa samaki. Mbona mwanangu hayumo?" Chini yake watu nisiowajua nao walikuwa wakiuliza: mtoto yuko wapi?

"Futa," nikamwambia.

"Siwezi. Ukurasa si wangu. Na ameshasoma."

Ndipo nikamwambia yote. Alizima feni ndogo iliyokuwa mezani pake, sijui kwa nini, akanisikiliza. Kisha akaniambia yule mama wa Sarang'ombe ameandika mji anaokaa, na ni mji ule ule wa binti yangu. Akabonyeza jina lake, ikafunguka barua tupu.

"Na hii wengine wataiona?"

"Hapana. Hii ni ya huyo mama peke yake."

Tukanakili anwani ya binti yangu kutoka kwenye bahasha ya barua yake niliyokuja nayo. Nikamwambia aandike: mama, tafadhali nenda, usiende peke yako, na usiseme mkiwa mlangoni. Keti naye kwanza.

Nilienda Kawangware kila siku. Siku ya nne kukawa na jibu. "Tulifika watu watatu. Amelia sana, sasa amelala kidogo. Ameuliza mlimzika na nguo gani."

Msichana akaweka vidole tayari. Nikamwambia, andika ni ile sweta nyekundu aliyomtumia. Ilikuwa bado kubwa kwake, mikono nikaikunja mara mbili.