Salamu Saba za Kumshinda Mumiani

Mama akinisikia nasema "enzi zetu" huwa anacheka mpaka anaweka kisu cha mboga chini. "Enzi zenu zipi, wewe? Kitovu chenyewe hakijakauka!" Sawa, nina miaka kumi na saba na niko kidato cha nne. Lakini ninyi mliokuwa wadogo pamoja nami mnajua kuwa kuna enzi imeshapita. Sisi tulicheza kabla simu hazijafika kila mkono, na mumiani tulimshinda kwa midomo yetu.

Wakati huo tulikaa Mgololo. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi, kwa zamu, kwa hiyo nusu ya utoto wangu niliambiwa ninyamaze baba amelala. Nakumbuka baridi ile ya asubuhi, ukungu umekaa juu ya misindano, ile miti ya kiwanda yenye majani kama sindano, kama mtu aliyekataa kuamka, na sisi tunaenda shule tumevaa sweta juu ya sweta, mfukoni kiazi cha moto. Kiazi kile kilikuwa cha kupasha vidole kwanza, kula baadaye. Wakati wa mafyulisi, yale matunda yenye ngozi ya manyoya, tulikula mpaka matumbo yakalia. Nguo zote zilikuwa na doa la utomvu wa mti ambalo sabuni haikuliweza.

Na tulikuwa na Tusa.

Tusa ni binti wa mama mkubwa, alikuja kutoka Tukuyu kukaa kwetu asome. Alinizidi miaka miwili tu, lakini mimi nilimwona kama mtu aliyeumbwa siku tofauti na sisi. Alikuwa haogopi kitu. Mimi nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya gauni la mama. Mgeni akija, nilijibu nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Mwalimu akiniita jina, sauti ilipotea kama maji kwenye mchanga. Sasa hivi nimepungua kidogo, lakini si sana, ndiyo maana naandika.

Tusa ndiye aliyetutungia mchezo. Alikuwa ameona picha za wanyonya damu kwenye kibanda cha video, zile ambazo jamaa mmoja anazitafsiri kwa kupiga kelele, akaja kutusimulia nyuma ya nyumba, penye rundo la kuni. Mtu ana meno marefu, analala kwenye jeneza, anaogopa jua, msalaba na kitunguu swaumu. Tulisikiliza midomo wazi. Halafu Tusa akasonya.

"Huyo ni wa Ulaya," akasema. "Wa kwetu anatembea saa sita mchana jua la utosi, kanisani anakaa benchi la mbele, na kitunguu swaumu anakula na pilau. Wa kwetu ni mumiani. Huyo mtamshindaje?"

Kweli, tungemshindaje? Watu wazima wenyewe wakimtaja walishusha sauti. Tulisikia tu kwamba ana koti, ana mipira ya mikononi, ana vichupa, na damu anayochukua hakuna ajuaye inakopelekwa.

Basi mchezo ulikuwa hivi. Kila mtu alipewa kipande cha mfuko wa saruji kilichoandikwa yeye ni nani: mkimbiaji, mganga, mwenye mbwa. Mimi nilikuwa mganga, kwa sababu mganga hakimbii wala hapigi kelele. Tulikuwa na punje tano za mahindi tulizozichoma upande mmoja kwa kaa la moto. Mdogo wangu Ombeni, miaka minne, kazi yake ilikuwa kuzishika na kuzirusha. Tusa alisimulia: "Mnatoka kuokota kuni. Njiani kuna mtu amesimama. Mnafanyaje?" Kila mmoja alisema atakachofanya, Ombeni anarusha. Nyeusi tatu, umefanikiwa. Chini ya hapo, Tusa alikuangalia kwa huruma na kusema, "Umeshakufa, dada. Nenda kakae kwenye kuni." Siku nyingine mpaka saa kumi na moja rundo la kuni lilikuwa limejaa marehemu wanaotafuna mafyulisi.

Tulijaribu kila kitu. Mwenye mbwa alimwachia mbwa, mumiani akampa mbwa mfupa. Mkimbiaji alikimbia, mumiani ana gari. Mimi nilimpa dawa, akaisifia ladha. Mpaka siku moja tukachoka, tukamwambia Tusa kwamba huyu mtu wako hashindiki. Tusa alikodolea macho moshi wa kiwanda. Nilimwangalia nikahisi nywele zinanisimama, maana ilikuwa kama anaambiwa kitu na mtu tusiyemwona.

"Mumiani ana haraka," akasema polepole. "Watu wa huku wakikutana wanasalimiana mpaka mtoto anachoka kusubiri. Wanaanza na kamwene, ile hujambo ya huku, kisha nyumbani, watoto, ng'ombe, mahindi, mpaka mvua. Mumiani hawezi hiyo. Mpeni salamu saba, moja moja, kwa sauti, bila kucheka. Atajibu, atajibu, lakini yeye hatawauliza ninyi hali, maana mtu unayetaka kumnyonya humuulizi hali. Ikifika ya saba, nguvu zimemwisha."

Sijui niwaelezeje. Ni kweli kabisa ilikuwa hivyo huko kwetu! Wababa wawili wakikutana njiani, mmoja anakwenda juu mwingine chini, walipeana mgongo wakaendelea kusalimiana kwa mbali, "Na wazee?" "Wapo!" "Na baridi?" "Tunayo!" mpaka miti ikawameza. Mama alikuwa na usemi wake: "Salamu hailipiwi, kwa nini uibane?" Na Tusa alikuwa ameichukua hiyo salamu ya kila siku na kuifanya mkuki.

Kuanzia siku hiyo tukashinda. Wote, isipokuwa mimi. Sharti lilikuwa kusema kwa sauti mbele ya Tusa, aliyekuwa akijifanya mumiani, macho hayapepesi. Nilifika salamu ya tatu, nikarudi kuangalia vidole vya miguu. "Dada, umekufa." Kila siku. Hata Ombeni alimaliza saba, akipumua kwa nguvu katikati.

Sasa ilikuwa mwaka ule mama amejifungua, mtoto ana siku sita. Ombeni alikuwa ametoka Kyela kwa bibi, akarudi na homa. Alfajiri moja alianza kustuka mikono, macho yanapinduka kidogo, halafu akatulia, mwili unachoma. Baba yuko zamu, Tusa yuko kambi ya mtihani wa darasa la saba, mama mwenyewe anatembea kwa kushika ukuta. Mama akanifunga Ombeni mgongoni kwa kitenge, mimi wa miaka kumi.

"Mwahishe zahanati. Wakimpima watampa dawa. Na usalimie watu huko, usinitie aibu. Umesikia?"

"Ndiyo mama."

"Usiishie kutikisa kichwa kama kondoo!"

Njia ile haikuwa ndefu, lakini joto la Ombeni lilipita kwenye sweta zangu mbili, na kila alipostuka nilistuka naye. Nesi alimgusa shingo, akaniuliza mama yuko wapi na mgonjwa katoka wapi, akaandika yote kwenye karatasi ya kipimo, akasema hapa hakuna kusubiri foleni, mpeleke maabara sasa hivi, bila kipimo hawezi kupewa dawa. Tukaingizwa. Na pale mezani alikuwa mtu mrefu, koti jeupe, mipira mikononi, mbele yake vichupa vimepangwa. Alikuwa mgeni, ameletwa mwezi ule ule.

"Haya kijana," akasema, "lete kidole."

Kuna jambo lazima niseme ukweli. Hayo ndiyo maneno ya Tusa. Kila siku nyuma ya nyumba mumiani wetu alivaa hivyo hivyo na kusema hivyo hivyo, lete kidole. Tulikuwa tumemchora vizuri mno.

Ombeni alitoa ukelele ambao sikujua mgonjwa anaweza kuutoa. Akateleza kutoka kwenye kitenge, akaingia chini ya benchi, akashika mguu wa benchi kwa mikono yote. "Mumiani! Dada, ni mumiani!"

Watu wa foleni waliokuwa mlangoni wakacheka. Halafu bibi mmoja hakucheka, akauliza kwa sauti ya chini, "Mtoto kasemaje?" Na kicheko kikakatika. Yule mtu wa maabara akasimama kama aliyemwagiwa maji. Akajaribu kumvuta Ombeni mguu, Ombeni akampiga teke, halafu akaanza kutetemeka, sikujua ni woga au ni kule kustuka kumerudi. Nesi akasema, "Jamani, huyu mtoto atatufia hapa kwa ubishi."

Nikapiga magoti. "Ombeni, toka. Mama amesema."

"Msalimie," akaninong'oneza, meno yanagongana. "Msalimie kwanza. Zote."

Jamani. Mlango umejaa watu. Sikuwahi kumsalimia mtu mzima hata mmoja nikimwangalia. Nikasimama. Nakumbuka niliuangalia mfuko wa koti lake, kulikuwa na kalamu mbili.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, anashangaa.

"Habari za kazi?"

"Nzuri tu, mwanangu. Sasa huyo mdogo wako..."

"Habari za nyumbani?"

Hapa ndipo nilipokuwa nakufa. Nikamsikia Ombeni nyuma yangu anahesabu kwa kunong'ona, "Tatu." Na yule mtu, sijui aliona nini usoni kwangu, akavua ile mipira ya mikononi, akaiweka mezani, akakaa.

"Nyumbani salama," akasema taratibu.

"Mama hajambo?"

"Mama hajambo. Yuko kule Usangu."

"Ng'ombe hawajambo?"

Mlangoni mtu akaguna. Lakini yeye uso ulimfunguka kama mtu aliyesikia lugha ya kwao. "Ehee! Ng'ombe hawajambo, isipokuwa mmoja kavunjika pembe. Huku tangu nije hakuna aliyeniulizia ng'ombe."

"Poleni. Mahindi je?"

"Sisi ni mpunga. Mpunga umekubali."

"Na mvua?"

"Mvua tunamshukuru Mungu."

Saba. Nilikuwa nimezimaliza. Nikageuka. Ombeni hakutoka. Bado macho yake yalikuwa kwa yule mtu, yanasubiri, na mimi sikuelewa anasubiri nini, maana sehemu ile ya kanuni nilikuwa nimeisahau kabisa.

Ndipo yule baba akainama mpaka uso wake ukawa sawa na benchi. "Na wewe bwana mkubwa, u hali gani? Nesi kaniandikia hapa kwamba mama yenu kajifungua. Mtoto analala? Baba hajambo? Huko Kyela umemwacha nani?"

Ombeni aliachia mguu wa benchi.

"Dada," akasema, "ameniuliza hali."

Akatoka kwa kutambaa, akasimama anayumba, akanyoosha kidole mwenyewe. Hakulia. Tone lilitoka dogo, jekundu, likakaa kwenye kioo, na chumba kizima, foleni nzima, tuliliangalia kama tuko ibadani. Yule bibi wa mlangoni akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, baba," akaja akakaa mezani na kutoa kidole chake, ingawa nesi alimwambia zamu yake bado.

Ilikuwa malaria. Alipewa dawa pale pale, na siku ya tatu alikuwa anaiba sukari.

Tusa aliporudi nilimsimulia penye kuni. Nilidhani atacheka. Alikunja magoti, kisha akaniangalia kwa macho ambayo mimi nilikuwa namwangalia nayo yeye. "Mimi niliitunga tu," akasema. "Sikujua inafanya kazi." Tangu hapo hakuwahi kumvika tena mumiani koti jeupe. Alimvika suti.

Siku hizi tunakaa Mbalizi. Tusa yuko chuo Iringa, tunaandikiana mara moja moja, na akiandika bado anaanza na nyumbani, watoto na mvua kabla hajasema shida yake. Hapa dirishani malori yanapita kwenda Tunduma usiku na mchana, na watu wana haraka zao. Ninyi wa rika langu mtanielewa, sisi tulikuwa watoto wa mwisho kuambiwa turudi mlangoni tuingie upya kwa sababu hatukusalimia.

Ombeni ana miaka kumi na moja. Kidole alichokitoa siku ile sasa kina kazi kwenye simu ya baba, anacheza mchezo wa wanyonya damu, wa meno marefu, wale wale wa Ulaya. Mgeni akiingia anasema "niaje" bila kuinua kichwa. Nimemkumbusha habari ya benchi, akasema, "Dada, acha fiksi." Hakumbuki hata kidogo. Nakaa pembeni yake namtazama, na kwa kweli ni hodari, bunduki, mishale, moto, wanaanguka kushoto na kulia. Jioni moja tu anaua hata arobaini, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa hali.