Nilivyompangia mama safari ya Delhi mpaka Chennai kwa kidole gumba

Wakuu, salamu kwenu wa Bongo na sisi tuliojificha huku kwenye baridi. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza, na mtakaocheka nawaelewa.

Niko London mwaka wa saba. Nyumbani hilo linatosha kunifanya mtaalamu wa dunia nzima. Sijui visa, sijui pasipoti, sijui hali ya hewa Canada, naulizwa mimi. Na najibu!

Mwaka huu mama akapata rufaa ya kwenda Chennai, India, kubadilishiwa valve ya moyo. Ukoo ukanikabidhi safari. Nani mwingine?

Nikapata tiketi ya bei poa, Dar mpaka Delhi kupitia Addis, anatua saa mbili asubuhi. Hospitali ya Chennai wakasema daktari atamwona siku hiyohiyo saa sita mchana, maana kesho yake anaondoka likizo ya wiki tatu.

Masaa manne mazima! Nikafungua ramani kwenye simu. Delhi juu, Chennai chini, katikati kidole gumba kimoja. Nikaridhika kisayansi kabisa.

Ila mimi si mtu wa kukurupuka, nikatafuta second opinion. Nafanya kazi kwenye duka la vyombo Ilford, na bosi wangu ni Mhindi anayeongea Kiswahili kuliko mimi.

"Bosi, Delhi mpaka Chennai kwa ndege ni muda gani?"

"Aah, pale? Lisaa limoja tu. Hujakaa vizuri umeshashuka."

Basi. Mhindi kasema kuhusu India, nani abishe? Nikamwambia mama tiketi ya ndani atakata hapohapo akifika.

Siku ya siku, nipo kwenye treni ya Elizabeth line naenda kazini, mama anapiga. India ilikuwa saa sita kamili mchana.

"Mwanangu, bado nipo Delhi. Foleni ya uhamiaji ndiyo nimetoka. Na wanasema Chennai ni karibu masaa matatu angani."

Nika-google humohumo kwenye treni. Kilomita elfu moja mia saba na ushee. Dar mpaka Mwanza mara mbili. Hiyo Google nilikuwa nayo mfukoni miezi yote, jamani.

Wiki tatu kwa moyo ule, niliogopa mama hazifikishi. Nikalia mbele ya wazungu, nao kwa adabu zao wakainamia simu.

Mama akanikatiza: "Acha kulia. Nimewapigia hospitali mwenyewe nikiwa kwenye foleni. Daktari ataniona kesho saa moja asubuhi kabla hajaondoka. Tiketi nimeshakata. Wewe nenda kazini, na usinipangie kitu kingine."

Nikafika dukani nimefura. Nikamsimulia bosi yote, akatazama chini.

"Kijana, mimi nimezaliwa Moshi, na baba yangu kazaliwa Moshi. India sijawahi kukanyaga. Uliniuliza kwa heshima sana, nikaona aibu kusema sijui."

Nilitaka kumfokea. Halafu nikakumbuka ndiyo kazi ninayowafanyia ndugu zangu miaka saba yote.

Mama kafanyiwa upasuaji, anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nilichojifunza: kusema "sijui" ni bure, na mimi kwa kuona aibu kulisema nusura nimpoteze mama.

Haya, leteni na zenu, hasa nyie wenzangu wa majuu mnaopanga safari za watu kwa kujiamini. Mimi nimeshastaafishwa. Tiketi ya kurudi mama amekata mwenyewe, na tarehe nimeiona kwenye group la ukoo kama kila mtu.